Mtetea wangu anataga mayai tepetepe: kombe za baharini, chokaa ya mifugo au maganda ya mayai?

Mama wa Shangani (Mtwara mjini)

Wafugaji wenzangu, salaam. Nyuma ya nyumba yangu hapa Shangani ninafuga mitetea saba, jogoo mmoja na vifaranga sita wa miezi miwili. Mmoja wa mitetea, chotara mwekundu mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akitaga mayai matano kwa wiki bila kukosa. Kwa wiki tatu sasa ninakuta kiotani mayai yenye ganda jembamba linalobonyea kwa kidole, na mara mbili nimeokota yai lililovikwa utando mtupu. Anakula, lakini ameanza kutembea kwa uzito, na juzi alishinda amekaa chini. Wale wengine sita, ambao ni wa kienyeji, mayai yao ni magumu kama kawaida.

Chakula chao ni pumba za mahindi, mashudu kidogo ya ufuta, mabaki ya jikoni na dagaa ninaowanunua feri. Nimeshauriwa mambo matatu tofauti na watu watatu: nimpe kombe za baharini zilizopondwa, ambazo hapa hazina bei, ninunue chokaa ya mifugo dukani, au nimrudishie maganda ya mayai yake mwenyewe. Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie kuchagua, kwa maana kuku huyu ninampenda na sitaki kumchinja kwa jambo linalotibika.

Mzee wa Ugani (Masasi, mstaafu)

Pole, mwanangu. Kabla ya kulinganisha chochote, mshike umpapase chini ya mkia, kati ya mifupa miwili ya nyonga. Ukihisi kitu kigumu au kama puto lenye maji, naye anakamua bila kutoa kitu, basi yai limekwama, kwa sababu yai lisilo na ganda gumu halisukumwi vizuri na misuli, na misuli yenyewe huhitaji kalsiamu ili ibane. Mkalishe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 20 hivi, kisha mweke mahali palipotulia penye kivuli. Usijaribu kulivunja yai likiwa ndani yake. Asipolitoa, usingoje siku ya pili. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

Ikiwa hana yai lililokwama, tuendelee na swali lako. Ganda la yai moja lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Kalsiamu yenyewe ndani yake ni takriban gramu 2. Kuku hafyonzi yote anayokula, bali karibu nusu, kwa hiyo siku ya kutaga anahitaji kula gramu 4 hivi. Gramu 100 za pumba za mahindi hazimpi hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Mashudu ya ufuta yana kalsiamu, lakini pia yana viambata vinavyoishikilia isifyonzwe. Mitetea wako wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, kisha huatamia, na katika mapumziko hayo mifupa yao hujaza akiba. Chotara wako hapumziki. Kila usiku anakopa kwenye mifupa yake, na huo uzito wa miguu ndio ulionitia hofu kuliko mayai yenyewe.

Vitu vitatu ulivyovitaja ni kitu kilekile kwa asili yake, na kila kimoja kina kalsiamu ya asilimia 37 au 38. Tofauti iko kwenye ukubwa wa chembe, kwenye wingi unaopatikana na kwenye usalama. Ganda la yai hujengwa kwa takriban saa 20, sehemu kubwa ikiwa usiku wakati kuku hali kitu. Unga wa chokaa hupita tumboni upesi, ilhali chembe za kombe zenye ukubwa wa punje ya mtama hukaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole hadi alfajiri. Kwa huyo mmoja, ningechagua kombe, kiasi cha vijiko viwili vya chai, uziweke alasiri.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Ninaunga mkono kombe, na nitaeleza ninavyoziandaa, kwa kuwa wengi huharibu hapo. Sichukui chaza walio hai. Ninachukua makombe matupu yanayoachwa na kina mama wanaookota chaza na kome maji yanapokupwa, ambayo yamelala juani muda mrefu. Ninayaloweka katika maji baridi kwa siku mbili nikibadilisha maji mara kadhaa ili chumvi iishe, ninayaanika, kisha ninayaweka juu ya makaa kwa muda mfupi tu ili yawe mepesi kupondeka. Yasiungue hadi kugeuka unga mweupe, kwa maana hapo yamekuwa chokaa kali. Ninatwanga kwenye kinu cha zamani nisichotumia kwa chakula, ninachekecha, unga ninautenga na vipande vyenye ncha ndefu ninavirudisha kinuni. Wenzetu wa Msimbati na vijiji jirani wakumbuke kwamba wako ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo waulize kwanza kinachoruhusiwa kuchukuliwa ufukweni.

Kijana wa Lindi

Shikamooni. Mimi nitasemea maganda ya mayai, kwa sababu nimeyatumia kwa mwaka mzima. Mzee amesema kuku hufyonza nusu, maana yake ganda la yai moja haliwezi kujenga ganda la yai jingine, na kwa mtu anayeuza mayai au kuyaatamisha hayo maganda hayabaki hata nyumbani. Mimi nilikuwa nikiyakusanya kwa muuza chipsi mayai, ndoo nzima kwa wiki. Wingi ulitosha, lakini hayo ni maganda ya kuku wa mabanda nisiyoyajua, na ugonjwa unaweza kuingia kwangu kwa njia hiyo. Ni lazima yachemshwe au yakaangwe hadi yakauke kabisa, kisha yapondwe hadi yasifanane tena na yai, la sivyo kuku hujifunza kudonoa mayai kiotani. Kazi hiyo ilinishinda nilipofikisha kuku thelathini.

Jambo zito zaidi ni hili. Mwaka jana niliomba chokaa ya kuku kwenye duka moja, nikauziwa chokaa ya kupakia ukuta. Ni nyeupe vilevile, lakini ukiilowanisha hukwangua ngozi, na kuku wawili waliunguzwa midomo na koo, mmoja alikufa. Anayekwenda kununua ahakikishe kwamba mfuko umeandikwa kuwa ni wa mifugo, na asikubali unga uliopimwa kwenye mfuko usio na maandishi.

Mfugaji wa Newala

Huku kwetu juu uwandani hakuna kombe, na nauli ya kuzifuata pwani inazidi bei ya chokaa. Ninachanganya chokaa ya mifugo kilo 8 katika kila kilo 100 za chakula cha mitetea wanaotaga, na mayai yangu hayana tatizo. Sioni kwa nini chokaa ya dukani ishushwe daraja namna hiyo. Wakati wa mvua ninakusanya pia magamba matupu ya konokono chini ya mikorosho, ninayachemsha na kuyaponda, lakini hayo ni nyongeza tu.

Mzee wa Ugani (Masasi, mstaafu)

Ndugu wa Newala, sikuishusha. Kwako ni sahihi, kwa sababu mitetea wako wanakula peke yao. Dada yetu ana vifaranga sita wanaokula sahani moja na mama zao. Kifaranga anahitaji kalsiamu ya takriban asilimia 1 ya chakula chake. Akilishwa kwa muda mrefu kiwango cha mtetea, ambacho ni asilimia 3.5 hadi 4, figo zake huharibika, na jogoo naye hana haja nayo. Kombe zikiwekwa katika kopo lake, likafungwa kwenye ukuta kwa kimo cha kifua cha mtetea, kila kuku hujichotea anachohitaji, na mtetea anayetaga hula zaidi kuliko asiyetaga. Hapo ndipo kombe zinapoishinda chokaa, hapo nyumbani kwake.

Mwanangu, nijibu mambo mawili: kuku wako wanakunywa maji ya wapi, na je, hao dagaa wamechemshwa kwa chumvi?

Mama wa Shangani (Mtwara mjini)

Shikamoo, mzee wangu. Tumbo nimelipapasa na hakuna kilichokwama, ninamshukuru Mungu. Dagaa wamechemshwa kwa maji ya chumvi, na maji ni ya kisima cha uani, ambayo sisi hatuyanywi kwa sababu yana ukakasi wa chumvi. Sikuwahi kufikiri kwamba yanahusiana na ganda la yai.

Mzee wa Ugani (Masasi, mstaafu)

Marahaba. Yanahusiana sana. Maji yenye chumvi, hata kidogo, hudhoofisha ganda kwa kuku anayetaga sana, na ukiongeza dagaa wa chumvi utaona kuku anakunywa mno na kinyesi kinakuwa majimaji. Ukimpa kombe bila kubadilisha maji, utapata nusu ya faida. Tena sasa ni miezi ya joto: kuku anapohema kwa kinywa wazi hupoteza hewa ya ukaa ambayo mwili huitumia kujenga ganda, kwa hiyo banda liwe na kivuli na upepo, naye apate jua la asubuhi kwa ajili ya vitamini D. Mwisho, mayai yenye mikunjo au yaliyopinda, yakifuatana na kukohoa, si suala la chokaa tena. Mdondo na magonjwa mengine ya virusi huharibu mrija wa mayai. Chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Mama wa Shangani (Mtwara mjini)

Ninarudi baada ya siku 24. Nimewapa maji ya bomba, dagaa ninawaloweka na kumwaga maji yake mara mbili kabla ya kuwaanika, na kopo la kombe limefungwa ukutani kama nilivyoelekezwa. Siku tano za kwanza chotara alizila kombe kwa pupa, akimaliza kopo peke yake kabla ya magharibi. Sasa anadonoa kidogo tu. Wiki ya kwanza aliacha kutaga kabisa, na nilihuzunika. Yai la kwanza baada ya hapo lilikuwa na ganda jembamba lenye chembechembe, lakini manne ya wiki hii ni magumu, na leo asubuhi nimemkuta juu ya tofali anapopenda kusimama, mahali ambapo mwezi uliopita hakuweza kuruka. Vifaranga hawalifikii kopo. Bi Mkubwa, nitakuja Mikindani Jumamosi nichukue makombe mengine, ukiniruhusu.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Karibu, mwanangu. Njoo na kiroba, na uje mapema kabla ya jua kali.