Mzee ana uvimbe kwenye pafu: apasuliwe kifua au kamera? Naombeni ushauri

Njia Panda: Wakuu, usingizi sina. Mzee wangu amekutwa na saratani pafu la kushoto. Daktari wa kwanza anataka kupasua kifua atoe lobu nzima, yaani sehemu kuu moja ya pafu. Wa pili anasema ataingiza kamera kwa matundu madogo akate kipande tu. Mimi naona wa pili ndiye wa kisasa. Mnasemaje?

Kisiki: Pole sana mkuu. Mjomba wangu alitolewa nyongo, mpaka leo akiona mkasi anahama chumba.

Mama Tatu: Mzee anavuta sigara? Tuanzie hapo, tusizungukane.

Njia Panda: Sijaja kuhukumiwa, mama. Nimeuliza kamera au kisu.

Nesi wa Zamu: Umechanganya maswali mawili. Kamera ni njia ya kuingilia. Lobu au kipande ni kiasi cha kutoa. Lobu nzima hutolewa kwa kamera vizuri tu. Utafiti wa VIOLET wa Uingereza, 2022, ulionyesha waliopitia kamera waliumia kidogo na kupata nguvu mapema kuliko waliopasuliwa, na saratani ilitolewa sawasawa pande zote mbili. Kipande ni habari nyingine. Wajapani (utafiti wa JCOG0802, 2022) waliona waliokatwa kipande wakiwa hai baada ya miaka 5 ni 94.3%, wa lobu 91.1%, ingawa kwa wale wa kipande saratani ilirudia maeneo yale yale mara nyingi zaidi. Ila hao uvimbe wao haukuzidi sentimita 2, na ulikuwa pembeni ya pafu. Wa mzee ukoje?

Njia Panda: Mdogo mdogo tu.

Nesi wa Zamu: Sentimita ngapi? Ripoti si unayo?

Njia Panda: 3.4. Na kuna tezi moja katikati ya kifua imewaka kwenye picha ya PET, ile ya kutafuta saratani mwilini. Lakini daktari anasema anaiweza hiyo kazi, na mzee mwenyewe anaogopa kidonda kikubwa. Fomu tumeshasaini.

Mama Tatu: Sasa ushauri wa nini? Na sigara hujajibu.

Nesi wa Zamu: Tezi hiyo ichukuliwe kinyama kidogo cha kupima kwanza, kwa sindano inayopitia njia ya hewa. Ikikutwa na saratani, mara nyingi dawa ndizo zinatangulia, na wengine hawafiki kabisa kwenye upasuaji.

Njia Panda: Si atolewe uvimbe kwanza, mengine yafuate? Wamesema ni lobu ya kati, ndogo, hata pumzi haitapungua.

Mbishi Asilia: Simama hapo hapo. Pafu la kushoto lina lobu mbili tu, ya juu na ya chini. Ya kati iko kulia. Wakuu, hii chai, tena ya rangi.

Kisiki: 😂😂 Anirudishie pole yangu.

Njia Panda: Nimeuona kwa macho yangu kwenye picha, uko kushoto!

Nesi wa Zamu: Picha ya kifua husomwa kama mgonjwa amekutazama. Kushoto kwako ndiko kulia kwake. Mimi naona anasema kweli.

Mbishi Asilia: Aweke ripoti, jina alifute. Vinginevyo nakunywa chai yangu kimya.

Njia Panda: Naiweka jioni. Ila kamera sibadilishi.

Nesi wa Zamu: Nani amekwambia ubadilishe kamera? Tezi imepimwa?