Nimepandisha matetea wapya kwenye fito usiku, asubuhi nimekuta damu. Nimekosea wapi?

MamaBanda

Wakuu, habari zenu. Nina makoo sita nyuma ya nyumba, huu ni mwaka wa tatu wako pamoja. Hakuna jogoo. Kiongozi ni Bi Mkubwa, mwekundu, mguu mmoja anauburuta kidogo, lakini akigeuza shingo tu wenzake wanapisha kwenye chakula. Wa mwisho kabisa ni mmoja mweupe ninayemwita Mnyonge. Huyo hula wenzake wakishashiba.

Juzi jioni nimeleta matetea wawili wa miezi minne hivi, bado wembamba, panga zao za kichwani hazijaiva. Siku zote nimekuwa nikiambiwa dawa ni kuwapandisha kwenye fito usiku, asubuhi wakiamka wote wanadhani walizaliwa pamoja. Basi nikazima taa, nikanyata kama mwizi kwenye banda langu mwenyewe, nikawapenyeza katikati. Hata sauti haikutoka. Nikaenda kulala najisifu.

Saa 12 na nusu asubuhi, kelele. Nafika, mmoja kajikunyata nyuma ya viota, kichwa kakisukumiza kwenye kona, upanga unavuja damu. Mwenzake yuko juu kabisa kwenye boriti, sijui alifikaje. Leo siku ya pili hawajala cha maana, kila wakisogelea chombo wanatimuliwa. Bi Mkubwa nimemshuhudia kwa macho yangu akimdonoa mmoja kisogoni, na nimeshaanza kumtazama kwa jicho la sufuria.

Niwaache wamalizane wenyewe, au niingilie?

Fito_Nne

Mwenye damu mtoe sasa hivi, mengine utasoma baadaye. Kuku akiona wekundu hajizuii, anadonoa, na wengine wanakuja kudonoa hapohapo. Wanaweza kumla mwenzao akiwa hai. Safisha kidonda kwa maji ya chumvi, kisha paka ile dawa ya zambarau ya vidonda, inasaidia na kuficha wekundu. Ila mtoe pamoja na mwenzake. Ukimtenga peke yake, siku ya kurudi atakuwa mgeni mmoja mbele ya wenyeji sita, na hiyo ni mbaya kuliko ya sasa.

Kuhusu kuwaacha wamalizane: kufukuzana, kutunisha manyoya, donoo moja la kisogo kisha basi, hayo acha. Hiyo ndiyo lugha yao. Damu, kuviziwa kwenye kona, kushinda bila kula wala kunywa, hapo ingilia. Jioni wakiwa wametulia papasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa tupu, huyo kuku hajala, hata kama mchana ulimwona ameinama kwenye chombo.

Halafu nijibu: fito zako zina urefu gani?

MzeeWaPumba

Mama, pole. Swali langu liko nyuma zaidi. Umesema umewaleta juzi jioni, na usiku huohuo ukawapandisha. Walitengwa lini?

Mimi niliwahi kuleta makoo watatu wazuri, manyoya yanang'aa, macho makavu. Nikawachanganya siku hiyohiyo kwa sababu sikuwa na banda la pili, au niseme ukweli, nilikuwa mvivu wa kulijenga. Haukupita muda, wale wangu wa zamani wakaanza kukoroma, nyuso zikavimba, makamasi. Wale watatu wageni hawakuumwa hata siku moja! Kuku akipona mafua anaweza kubaki na vijidudu mwilini, haonyeshi dalili, anagawa tu. Nilizika kumi na mmoja.

Tangu hapo mgeni hukaa peke yake siku 30, mbali na wenyeji, chombo chake, maji yake. Mdondo, yaani kideri, peke yake unaweza kujificha hadi kama siku 15 kabla ya dalili, kwa hiyo wiki moja ya kutenga ni ya kujifurahisha. Nahudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, na viatu vya huko havirudi huku. Siku ya kwanza nawapekua: chini ya mabawa na kuzunguka kinyeo kwa chawa na utitiri, magamba ya miguu kama yamenyanyuka.

Kwako maji yameshamwagika, lakini watenge hivyohivyo, wapone, na uangalie pande zote mbili. Ukiona mapovu machoni, kukoroma, kinyesi cha kijani au chenye damu, usingoje, tafuta mtaalamu wa mifugo.

Chotara77

Naomba niseme kidogo kuhusu ule ujanja wa kuwapandisha usiku. Kwa kundi kubwa nimeuona ukifanya kazi. Kwa kuku sita hapana, hao wanajuana kwa sura mmoja mmoja. Kuku gizani haoni vizuri, ndiyo maana banda lilikuwa kimya. Kulipokucha wakaona nyuso mbili zisizo na cheo. Utaratibu huu wa nani amdonoe nani si maneno ya vijiweni. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliueleza kitaalamu miaka ya mwanzo ya 1920 baada ya kuwakodolea macho kuku tangu utotoni. Wanatambuana zaidi kwa kichwa na upanga. Kwa hiyo mpe kila mmoja nafasi ya kuzisoma sura hizo kabla hazijafikika mdomo. Siku 30 za mzee zikiisha, weka wavu katikati ya banda, wiki moja au mbili, vyombo vya chakula pande zote karibu na wavu wazoee kula wakitazamana.

Na chakula, usiwape matetea hao chakula cha wanaotaga. Kina kalisi nyingi, kama asilimia 4, inawaharibu figo kabla hawajaanza kutaga. Wakichangamana, wape wote chakula cha kukuzia, na maganda ya mayai yaliyosagwa uyaweke pembeni kwenye kopo. Wanaotaga watayafuata wenyewe.

MamaBanda

Mzee, shikamoo, na nimekoma. Nimewahamishia kwenye stoo, nimewapekua: chawa kwa mmoja, miguu safi.

Fito_Nne, nimepima. Mita moja na nusu, fito moja.

Fito_Nne

Basi ndiyo hiyo. Kuku mmoja anataka sentimita 20 hadi 25. Sita wako walishaijaza, wewe ukachomeka wawili katikati usiku. Ongeza fito ya pili, kimo kilekile, maana ya juu zaidi wataigombania. Vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbali kiasi kwamba kuku mmoja hawezi kulinda vyote. Ubao mmoja uegemeze ukutani, uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Kona isiyo na mlango wa pili ni mtego.

MamaBanda

Narudi baada ya wiki saba, samahani kwa kimya. Nilitenga siku 30, nikaweka wavu siku 12, fito ya pili ipo. Siku ya kuondoa wavu niliwafungulia wote uani alasiri, nikakaa dirishani na kikombe changu nihakikishe Bi Mkubwa anapata haki yake.

Bi Mkubwa alimdonoa kila mmoja mara moja, akaenda zake kuoga vumbi. Hakurudi tena.

Aliyewatesa ni Mnyonge! Nilihesabu, ndani ya nusu saa kawafukuza mara 14, anaacha chakula chake akawafukuze. Ile siku ya kwanza nilimwona Bi Mkubwa kwa sababu ndiye niliyekuwa namtazama.

Chotara77

Nimecheka, lakini ndivyo walivyo. Wa juu hana anachogombania. Aliyekuwa mwisho ndiye anayeogopa kurudi mwisho. Mtoe huyo siku tatu au nne, asiwaone wenzake. Akirudi yeye ndiye mgeni.

MzeeWaPumba

Kumbe mnyonge mnyongeni! Mtoe, mama, ila haki yake mpe: maji na chakula cha kutosha huko aliko.

MamaBanda

Nilimtoa siku nne, nimemrudisha jana asubuhi. Amefukuzana na yule tetea aliyeumia dakika kadhaa, tetea akasimama, akatunisha shingo, Mnyonge akageuka kando akajifanya anachakura. Jioni nimekwenda na tochi: wanne fito ya zamani, wanne fito mpya. Mnyonge yuko mwisho wa fito mpya, tetea wa upanga uliopona yuko ubavuni kwake, na magole yote mawili yamejaa.

Mayai yamepungua, bado mawili tu kwa siku. Hilo nalo litakaa sawa, au nifungue swali jingine?

Fito_Nne

Wape wiki mbili tatu. Na hiyo sufuria irudishe kabatini.