Gitaa la Brian May wa Queen: yapi ni kweli, na ile sauti hupatikanaje?

Nyuzi_Sita, Jinja
Habari zenu wakuu. Jumamosi kuna chemsha bongo ya muziki na raundi nzima ni ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza. Ya Freddie Mercury kuzaliwa Unguja, hilo hata watoto wa shule wanalijua, halitampa mtu pointi. Natafuta ya ndani. Eti gitaa la Brian May lilichongwa kwa mbao za mekoni na springi za pikipiki, na nyuzi anazipiga kwa sarafu. Ni kweli au ni porojo za kijiweni?
La pili: ninalo gitaa la bei nafuu la kuiga Stratocaster, lina pikapu tatu (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi jamani, si zile za kubebea matoke). Ile sauti ya puani ya solo ya "Bohemian Rhapsody" naweza kuipata humo humo?

Mbao_za_Ndeeba
Ni kweli, ssebo, na ukweli wenyewe umezidi porojo. Brian na baba yake Harold, mhandisi wa elektroniki, walianza kulichonga mwaka 1963, likawachukua kama miaka miwili. Shingo ni mahogani iliyotoka kwenye rafu ya juu ya meko ya kuotea moto, yale ya nyumba za Uingereza ukutani, usifikirie mafiga. Mbao ilishatobolewa na wadudu, matundu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Vile vidoti vyeupe shingoni ni vifungo vya ganda la chaza kutoka kwenye kasha la ushonaji la mama yake.

Mkono wa kuyumbisha sauti ni kile chuma kinachoshikilia mkoba nyuma ya kiti cha baiskeli, na nchani amevisha kipande cha sindano ya kufumia. Springi mbili ni za valvu za pikipiki ya Panther ya mwaka 1928. Wengi wakifika kwenye springi wanaridhika, kumbe ujanja uko chini yake: sahani inayoshika nyuzi haizunguki kwenye bolti, imeegemea makali ya kisu cha chuma kigumu. Makali hayana msuguano wa kutajika, kwa hiyo ukiuachia mkono, sahani inarudi pale pale ilipokuwa. Nyuzi nazo zinapita juu ya viroli vidogo badala ya kukwaruza chuma. Kwa hiyo ukienda soko la Kisekka kutafuta springi za boda boda ukadhani umemaliza kazi, bado. Springi inavuta tu. Kinacholinda tuni ni kukosekana kwa msuguano.

Kwenye gitaa lako, mahali pa kwanza uzi unapokwama ni kile kipande chenye mifereji sita mwanzoni mwa shingo. Legeza uzi, sugua risasi ya penseli laini ndani ya mfereji, rudisha. Ukisikia "tiki" unapokaza, mfereji ni mwembamba kuliko uzi. Upanue kidogo kwa msasa uliokunjwa, usizidishe kina, la sivyo uzi utagonga freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni.

Na hili la chemsha bongo: kwa nini hakuzitumia pikapu alizozitengeneza mwenyewe? Alizipanga sumaku ncha zikipishana, kaskazini, kusini, kaskazini. Kwa uzi uliotulia zilifanya kazi vizuri. Lakini akiuvuta uzi kando, unahama kutoka sumaku moja hadi jirani yake na sauti inakwaruza. Ndipo akanunua Burns Tri-Sonic tatu, akazijaza gundi ya Araldite ili koili zisitetemeke.

Solda60
Nakuja kwenye swali la pili. Siri ya sauti ile si aina ya pikapu kwanza, ni jinsi zilivyounganishwa. Kwenye Stratocaster pikapu zinakaa sambamba. Kwenye gitaa la May zimefuatana kama mabehewa: athi, kisha ya shingoni, kisha ya katikati, kisha ya darajani (nyuzi zinapoishia mwilini), ndipo kwenye kitufe cha sauti. Kila moja ina swichi mbili, ya kuwasha na ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa mawimbi ya umeme wake. Jumla sita. Solo ya "Bohemian Rhapsody" ni ya shingoni na ya katikati, moja ikiwa kinyume cha mwenzake. Sehemu kubwa ya noti nene inafutana, inabaki ile ya puani.

Utakavyofanya: toa ile swichi ya hatua tano. Nunua swichi tatu ndogo za miguu sita na tatu za miguu miwili; zile za kijiti zinahitaji tundu la milimita 6 hivi kwenye plastiki. Nyaya mbili za pikapu weka miguu ya katikati ya swichi ya miguu sita. Miguu minne ya pembeni iunganishe kwa nyaya mbili zinazokatana kama X, halafu toa nyaya mbili za kutokea kwenye jozi ya upande mmoja. Hiyo ndiyo ya kugeuza. Swichi ya miguu miwili iweke kati ya nyaya hizo mbili za kutokea, ili ukiifunga inaipitisha njia kando ya pikapu.

Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Wanaweka swichi ya kukata waya, kama ya taa. Kwenye mnyororo, ukikata pingu moja gitaa zima linanyamaza. Pikapu unaizima kwa kuirukia, si kwa kuikata.

Kosa la pili ni kifuniko cha chuma cha pikapu. Kama kimeungwa na mojawapo ya nyaya za koili, ukigeuza fezi kifuniko kinageuka kuwa waya wa moto na kinavuma kila ukikigusa. Kitenganishe, kipe waya wake hadi athi. Athi ya nyuzi iache ilipo.

Kabla ya kufunga skrubu, pima kwa mita. Ikiwa kila moja inasoma karibu kilo-omu 6, tatu kwa pamoja zisome karibu 18. Ukipata 2, bado ziko sambamba. Sauti ikiwa nzito kama imefunikwa blanketi, kitufe cha kilo-omu 250 ndicho kinachokula noti za juu. Weka cha 500.

Kama mfuko haujajaa, swichi moja tu ya kugeuza inatosha, kwenye ya katikati. Kugeuza ya shingoni au ya katikati ni mamoja, ila ukigeuza zote mbili umerudi ulikotoka. Na kama sauti ni nyembamba mno, shusha moja milimita 2. Zikilingana sana urefu zinafutana kupita kiasi.

TepuNjia24
Nyongeza kabla mtu hajaandika kwamba Queen hawakutumia sintesaiza (kinanda cha kuunda sauti kwa umeme) kamwe, maana kwenye chemsha bongo jibu hilo huleta ugomvi. Albamu zao kadhaa za miaka ya 1970 ziliandikwa kwenye jalada kwamba hakuna sintesaiza, kwa sababu wasikilizaji walidhani magitaa yaliyopangwa kwa tabaka yalikuwa mashine. Mwaka 1980, kwenye The Game, ikaingia sintesaiza ya Oberheim OB-X. Uliza "albamu ipi ilivunja mwiko" na utaona watu wanavyokuna vichwa.

Ule mkusanyiko wa sauti za "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975 ulirekodiwa kwenye tepu ya njia 24, yaani mistari 24 ya kurekodia kando kwa kando. Njia zikijaa, unazichanganya kadhaa na kuzihamishia kwenye njia moja, unarekodi tena juu. Kila tepu inapopita kwenye vichwa vya mashine inalika kidogo, na kila uhamisho unaongeza mchakacho. Ile tepu ilipita mara nyingi hadi ukiinyanyua kwenye mwanga ulikuwa unaona upande wa pili. Zile sauti za juu kabisa ni za Roger Taylor, mpiga ngoma, si Freddie.

Mawe_ya_Tochi
Sarafu ni kweli. Ni peni sita (sixpence) ya zamani ya Uingereza, iliyoondolewa kwenye matumizi mwaka 1980. Haipindi, kwa hiyo mkono unajua uzi ulipo, na ukingo wake una meno madogo: ukiilaza inateleza, ukiigeuza kidogo meno yanakwaruza uzi, na ile "chk" mwanzoni mwa noti inatoka hapo. Ukitaka kujaribu na sarafu ya kwetu, ipime kwanza kwa sumaku. Ikinasa ina chuma, itazila nyuzi haraka na pikapu zitaivuta.

Lakini kitu kilichosahaulika ni ampu (kikuza sauti) ya John Deacon wa Queen. Huyu mpiga besi alisomea elektroniki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota saketi kwenye pipa la taka la mjengo, akaitia kwenye kasha la spika ndogo. Haina kitufe hata kimoja. Ile bendi ya jazi unayoisikia kwenye "Good Company" ni gitaa la May kupitia kisanduku hicho. Transista zake ni za jemaniamu, zinaelemewa polepole, sauti inavimba badala ya kupasuka.

Inakula betri ya volti 9 aina ya PP9, lile dubwana kubwa. Ukitaka kuiga, kibetri cha mraba kitachoka mapema mno. Panga mawe sita makubwa ya tochi, 1.5 mara sita ni 9. Chukua redio kuukuu ya betri, fuata kitufe cha sauti, kata njia inayoleta stesheni kwenye mguu wa juu, ingiza gitaa hapo kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1. Usipokata, utapiga solo na taarifa ya habari pamoja. Angalia chanya na hasi mara mbili, transista za jemaniamu hazisamehe. Na iwe ya betri tu. Redio ya umeme wa ukutani usiiguse, baadhi yao chasisi imeungwa moja kwa moja na laini ya moto.

Nyuzi_Sita, Jinja
Asanteni sana wakubwa. Solda60, nimeweka ile swichi moja. Sauti ya puani imekuja, lakini nikigeuza, mvumo unarudi. Nikirudisha, kimya. Nimekosea waya?

Solda60
Hujakosea, kaka. Pikapu yako ya katikati imesukwa kinyume kiwandani, sumaku nayo kinyume, ili ikishirikiana na jirani yake mvumo ufutane. Ukigeuza fezi, noti ndizo zinafutana na mvumo unajumlika. Bandika karatasi ya shaba au ya alumini ndani ya mashimo yote ya mwili na nyuma ya plastiki, iunge na athi kwa waya mmoja, hakikisha haigusi mguu wowote wa swichi. Shaba inashika solda. Alumini haishiki, waya wake ubane kwa skrubu. Itaondoa sehemu tu. Mvumo wa transfoma hauzuiliki kwa karatasi, kwa hiyo sogea mbali na ampu na adapta, kisha geuka taratibu ulipo mpaka upate upande ulio kimya.