Mjadala: Morse iliondolewa kwenye mtihani wa redio ya ridhaa. Leseni imeshuka thamani?

MLETA MADA

Wakuu, salaam kwenu.

Naleta hoja ambayo wenye leseni za redio ya ridhaa huku Marekani wanaigombania miaka nenda rudi, na sisi wachache tunaozungumza Kiswahili tukiwa na leseni hizo tunakutana nayo kila tukikaa na wazee wa fani. Kwa asiyeifahamu, redio ya ridhaa ni ya watu binafsi wanaorusha na kupokea mawasiliano bila biashara yoyote, kwenye masafa yaliyotengwa kimataifa. Kila mmoja ana alama yake ya wito. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Huipati bila mtihani, na ugomvi ndio huo: mtihani upime nini, na uwe mgumu kiasi gani?

Wazee wanasema tangu Morse (ile lugha ya mipigo mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi) iondolewe, mlango umebaki wazi na kila mtu anajiingilia. Mimi nasema Morse ilistahili kutoka. Ila ilipotoka iliacha pengo, na mpaka leo hakuna aliyeliziba. Mtihani umebaki wa kukariri.

Tuanze na hao wazee, maana uchungu wao una sababu. Zamani mtu aliyetaka leseni ya daraja la kati, General, alikwenda ofisi ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, akavaa spika za masikioni, akachezewa Morse kwa dakika tano kwa kasi ya maneno 13 kwa dakika. Kwenye karatasi yake ilibidi ipatikane angalau dakika moja safi, herufi 65 mfululizo bila kukosea hata moja. Daraja la juu, Extra, kasi ilikuwa maneno 20. Wapo waliosafiri jimbo zima, wakafeli, wakarudi nyumbani kujifua upya. Aliyepita njia hiyo halafu akasikia leo mtu anapewa leseni kwa kuweka tiki kwenye vijisanduku, usitegemee acheke.

Lakini Morse haikuwekwa kwenye sheria ili kupima uvumilivu wa mtu. Iliwekwa kwa sababu ya meli. Mwanaridhaa akivamia masafa ya meli bila kujua, alitakiwa aelewe kituo cha pwani kinapomwambia anyamaze kwa kuwa kuna watu wanazama. Ndiyo maana sheria za kimataifa zilimlazimisha kila anayetaka kurusha chini ya megahezi 30 kuijua. Tarehe 1 Februari 1999 meli zilihamia rasmi kwenye mfumo mpya wa kuomba msaada kwa satelaiti na mitambo ya kidijitali, na sababu ile ikaondoka. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2003 ukaziachia nchi ziamue zenyewe. Uingereza iliondoa sharti hilo mwaka huohuo, Marekani tarehe 23 Februari 2007. Na hata kabla ya hapo lilikuwa linapunguzwa kidogokidogo: mwaka 1991 daraja la Technician, ambalo leo ndilo la kuanzia, lilianza kutolewa bila Morse, na mwaka 2000 madaraja yaliyobaki yote yakashushwa hadi maneno 5 kwa dakika.

Sasa njoo kwenye mtihani uliobaki. Maswali yote pamoja na majibu yake yamewekwa hadharani. Technician wana maswali 35 ya kuchagua jibu, yanayochotwa kwenye akiba ya zaidi ya maswali 400. Ukipata 26 umefaulu. Wanafunzi wa Bongo wanaijua vizuri hii: ni kudesa, tena desa lenyewe unapewa na mwenye mtihani. Mfano, kuna swali la volti 120 na ukinzani wa omu 80, mkondo ni kiasi gani? Jibu ampia 1.5. Nimekaa na vijana waliolijibu kabla sijamaliza kusoma. Nikabadilisha nikasema volti 12 na omu 8, wakaduwaa, ilhali jibu ni lilelile. Walichokuwa wanakijua ni sura ya swali.

Halafu wanatoka na redio ya mkononi, redio koli kama tunavyoziita, wanasikia watu wanaongea kwenye ripita ya mji (ule mtambo wa mlimani unaopokea sauti dhaifu na kuirusha upya kwa nguvu), wanaita, hawajibiwi. Wanaita wiki nzima. Hawajaweka tofauti ya kilohezi 600 kati ya masafa ya kupokea na ya kurusha, wala ile toni ndogo ambayo ripita inaisubiri ndipo ifunguke. Wengine wanakata tamaa, redio inaishia kwenye droo. Nusu hivi ya wenye leseni Marekani wako daraja hili la Technician, kwa hiyo si jambo la watu wawili watatu.

Karibuni tujadili. Naomba tusitukanane.

MCHANGIAJI, OPERETA MSTAAFU WA MELINI

Mwanangu, umeeleza vizuri, ila umeizika Morse mapema mno. Mimi nimekula mkate wa Morse. Sauti ya binadamu hewani inachukua upana wa hezi elfu mbili na zaidi, Morse mia na hamsini hivi inaitosha. Nguvu ileile ukiibana kwenye nafasi nyembamba namna hiyo inafika mbali. Unaweza kuunda mtambo wa Morse kwa vipuri vinavyoenea kwenye kiganja na ukavuka nao bahari.

La pili, na hili vijana hamlioni. Kujifunza Morse kunakufundisha kusikiliza. Huwezi kuibahatisha. Unakaa miezi masikio yakiwa kazini, na siku unapogusa kibonyezo umeshajua adabu ya hewani: sikiliza kwanza, uliza kama masafa yana mtu, sema ufupi, pisha. Leo nafungua redio nasikia mtu anapanda juu ya mazungumzo ya wenzake kama hayupo duniani. Nani alimfundisha? Mtihani uliomwingiza haukumtaka asikilize hata sekunde moja.

MCHANGIAJI, MWANAFUNZI WA UHANDISI

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hoja ya nguvu ndogo kwa sasa ina mwenyewe mwingine. FT8, mfumo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio, ilitoka mwaka 2017, waliounda ni Joe Taylor, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1993, na Steve Franke. Inatuma kwa vipande vya sekunde 15, na kompyuta inanasa ishara iliyozama kwenye kelele kiasi kwamba sikio la opereta yeyote, hata lako mzee wangu, halisikii chochote. Kwa wati chache na waya uliofungwa dirishani, mtu wa ghorofani anafika bara jingine.

Na kuhusu mila, tuulizane mila ipi? Mwaka 1912 Marekani iliwasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 kushuka chini, sehemu ambayo wakubwa wa wakati huo waliiona haina faida. Novemba 1923 Fred Schnell wa Connecticut akazungumza na Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, kwenye mita 110 hivi, ikawa mara ya kwanza wanaridhaa wa pande mbili za Atlantiki kujibizana. Watu wale walitumia Morse kwa sababu ndiyo ilikuwa teknolojia iliyofanya kazi wakati huo. Wangekuwepo leo wangekuwa wanaandika programu.

OPERETA MSTAAFU

Marahaba. Hiyo FT8 naijua, mjukuu wangu anayo. Kompyuta inaongea na kompyuta mwenzake, wao wanapeana alama ya wito na kiwango cha ishara, basi. Mtu ameenda kunywa chai. Hayo unayaita mazungumzo?

MCHANGIAJI KUTOKA MASKATI

Assalaam alaykum. Huku Oman jambo hili lina heshima yake, kwa kuwa marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa mwanaridhaa, alama yake A41AA. Na Jordan, Mfalme Hussein alikuwa JY1. Mtu wa kawaida akiita hewani aliweza kujibiwa na mfalme, naye akijitaja kwa alama yake kama mwingine yeyote. Mimi nikiambiwa mila ya redio hii, hiyo ndiyo naiona: hewani hakuna daraja la mtu, ipo alama ya wito na namna unavyojiheshimu. Tukianza kupanga watu kwa kusema huyu alifanya Morse ya 20, huyu ya 5, huyu hakufanya kabisa, tunalirudisha jambo ambalo redio ililiondoa.

MLETA MADA

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umenikumbusha kitu nilichotaka kukisema. Marekani walishajaribu kupanga watu hivyo na kukawaka. Mwaka 1963 chama chao kikubwa, ARRL, kilipendekeza watu wasukumwe kupanda madaraja. Serikali ikalipitisha mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1968 wenye leseni ya General walinyang'anywa vipande vya masafa waliyokuwa wakiyatumia kihalali miaka yote, vikatengewa wenye madaraja ya juu yake, Advanced na Extra. Waliambiwa warudi wakafanye mtihani ili warudishiwe walichokuwa nacho jana. Nimeongea na wazee ambao mpaka leo, zaidi ya nusu karne, hawataki hata kusikia jina la chama hicho. Kwa hiyo ninapodai kiwango kipande, sisemi mtu apunguziwe alichokwisha kukipata. Wa zamani waachwe walivyo.

Mzee, kuhusu adabu ya kusikiliza nakubaliana nawe mia kwa mia, na hapo ndipo naona umeipigia debe hoja yangu. Ulichokipata kwenye Morse ni miezi ya kukaa na redio kabla ya kupewa ruhusa. Tunaweza kuidai hiyo miezi bila kuidai Morse. Na mdogo wangu wa uhandisi, FT8 nzuri, naitumia, lakini anayeiendesha bila kujua kuwa ameongeza sauti ya kompyuta kupita kiasi anachafua masafa ya wenzake wote, na kwenye skrini yake haoni tatizo. Mtihani wa kudesa haumkamati huyo.

Leseni ya udereva haitolewi kwa maswali ya alama za barabarani peke yake, lazima trafiki aone ukishika usukani. Kwa nini mtu anayeruhusiwa kurusha hadi wati 1,500 Marekani asiombwe hata kuunganisha antena mbele ya mtu?

MCHANGIAJI, NAIROBI

Naona mnabishana kama vile shida yetu ni kujaa kwa watu. Huku kwetu wenye leseni ambao ni wenyeji ni wachache. Kinachomzuia kijana wa hapa ni bei ya redio ya masafa marefu, ushuru, na kukosa mtu wa kumwonyesha. Ukimwongezea mtihani wa vitendo juu ya hayo, umefunga kabisa. Mkopeshe kwanza redio ndipo umpime.

MWANAFUNZI WA UHANDISI

Naunga mkono Nairobi. Na niongeze: Uingereza walikuwa na hicho mleta mada anachokitaka. Leseni yao ya kuanzia, Foundation, ilipoanza mwaka 2002, mtahiniwa alirekebisha redio na kufanya mawasiliano hewani mbele ya mtathmini, na Morse pia aliionja kidogo, herufi chache akiwa na jedwali mkononi. Ilipofika korona mwaka 2020 wakahamishia mtihani mtandaoni, vitendo vikaachwa. Waliofaidika ni walemavu, wagonjwa, wanaokaa mbali na mji, na akina mama wasioweza kuacha watoto wikiendi nzima. Mkuu, hao unawaambia nini?

MLETA MADA

Nawaambia wabaki na mtihani wao wa mtandaoni. Sitaki mtu yeyote arudishwe kwenye safari za kwenda ofisi ya serikali, hilo lilikuwa pingu kwa maskini na kwa mgonjwa. Nairobi naye amesema kweli: kwetu, chama kisicho na redio ya kuazimisha hakina haki ya kumdai mtu vitendo.

Pendekezo langu ni hili. Ukifaulu maswali unapewa leseni ya muda, nguvu ndogo. Uingereza walianza na wati 10 kwa Foundation, sasa ni 25. Zinatosha kabisa kujifunzia. Ndani ya mwaka mmoja, mwanaridhaa yeyote wa daraja la juu athibitishe kuwa ameona kazi yako. Usipothibitishwa, unaendelea na nguvu ileile ndogo, hunyang'anywi kitu.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Na asiye na mwanaridhaa hata mmoja ndani ya kilomita mia mbili? Kwa sababu huyo ndiye wa kwetu.

MLETA MADA

Huyo apimwe hewani. Ana leseni ya muda, anaruhusiwa kurusha. Wapangiane saa na masafa na mtathmini aliye popote redio inapofika. Mtathmini asikilize: je, amesikiliza kabla ya kuita? Ametaja alama yake inavyotakiwa? Akiambiwa ahame masafa, anahama na kupatikana huko? Akiulizwa antena yake ni ya aina gani, urefu gani, na kwa nini alichagua urefu huo, anajibu kwa maneno yake? Hilo la mwisho halidesiwi, kwa kuwa kila mtu ana uwanja wake na mti wake. Dakika ishirini zinatosha.

OPERETA MSTAAFU

Hapo kwenye kusikiliza kabla ya kuita, mtathmini aweke mtu mwingine awe tayari anaongea kwenye masafa hayo, kwa sauti hafifu. Akimpanda, amefeli. Ukiweka hilo, Morse yangu nitawaachia wanaoipenda.