Laptopu imekwama kwenye apdeti, nisaidieni kabla ya Jumamosi

KatibuWete: Assalaam alaykum wakuu. Laptopu ilikuwa inapanda kutoka Windows 10 kwenda 11, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Sasa kila nikiiwasha inasema inarudisha mabadiliko, inazima, inaanza upya. Nataka fundi apige Windows mpya yaishe. Mafaili ya kwenye C yatabaki? Jibu nalihitaji leo.

Mtu_wa_Konde: Waalaykum salaam. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo yalikuwa majenereta, na TV ya marehemu mzee wangu iliungulia humo humo, fainali inaendelea. Nunua stabilaiza.

FundiKimya: Usipige Windows bado. Iwashe, nembo ikitokea bana kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ukirudia mara mbili tatu itaingia yenyewe kwenye ukurasa wa ukarabati. Hapo ingia sehemu ya kutatua matatizo, halafu chaguo za ziada, halafu ondoa apdeti. Umeupata?

KatibuWete: Siufikii. Inadai namba kwanza. Skrini ya buluu.

FundiKimya: Namba ya tarakimu 48? Hiyo BitLocker, diski imefungwa. Imeanza kudai lini?

KatibuWete: Tangu fundi wa hapa mtaani alipoingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine. Alizima Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, ili flashi yake isome.

FundiKimya: Na hilo ulikuwa unalificha la nini? Mwambie airudishe Secure Boot kama alivyoikuta, mara nyingi huacha kudai. Isipoacha, namba huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzishia mashine. Unaingia hata kwa simu, unaiona. Ila ukipiga Windows juu ya diski iliyofungwa, mafaili ya C yaage kabisa.

KatibuWete: Akaunti si yangu.

BintiMwani: Ya nani?

KatibuWete: Ya katibu aliyepita. Laptopu ni ya ushirika wetu wa mwani. Namba yake ya simu ninayo, ila hatusemezani tangu uchaguzi. Wala sioni haja ya kumpigia, daftari la karatasi lipo, hesabu nitaziandika upya. Fundi nishampa nusu ya pesa yake.

Abuu_Swabri: Ndugu yangu, Mtume (SAW) katukataza kumhama ndugu yetu zaidi ya siku tatu. Laptopu ni sababu tu, Mola anakutakia heri.

Pweza_wa_Nazi: Mpelekee pweza. Mpemba gani atakataa pweza kwa sababu ya uchaguzi wa mwani?

Jicho_Chake: Ngojeni kwanza. Laptopu si ina betri? Umeme ukikatika inazimikaje? Na Jumamosi kuna nini?

KatibuWete: Betri ilishakufa, tunaitumia na waya wa chaja tu. Jumamosi mkutano mkuu.

Jicho_Chake: Ahaa! Hesabu za ushirika zinapotea wiki ya mkutano mkuu, na za kuandika upya anaziandika yeye. Jamani, hapa hakuna umeme wala fundi. Mtu anajitengenezea ushahidi, Jumamosi awaoneshe akina mama: "tazameni, niliomba msaada mpaka mtandaoni."

Mtu_wa_Konde: Umeme ulikatika kweli lakini, hata huku kwetu.

Jicho_Chake: Ukikatika umeme ndo hesabu zinakuwa salama?

KatibuWete: Ningekuwa mwizi ningeitosa baharini Mtambwe, nisingekuja kutukanwa na nyie. Nimeuliza suala la kompyuta.

BintiMwani: Mie mkulima wa mwani, kilo moja naijua ilivyonipinda mgongo. Tuma picha ya skrini.

FundiKimya: Kitambulisho cha ufunguo kuonesha si tatizo. Zile tarakimu 48 ukizipata ndo usiziweke hapa.

KatibuWete: [picha] Haya.

FundiKimya: BitLocker kweli hiyo. Atakayeifungua alinganishe herufi nane za mwanzo za kitambulisho na kilichoandikwa kwenye akaunti, maana akaunti moja inaweza kuwa na funguo za mashine kadhaa.

Jicho_Chake: Picha inaonesha laptopu imefungwa. Haioneshi kwa nini mtu hataki ifunguliwe.

KatibuWete: Haya nimempigia, mridhike. Kapokea mkewe. Mwenyewe yuko dago, kambi ya wavuvi, simu kaiacha nyumbani. Nimemwomba afungue akaunti anisomee, kasema hafungui simu ya mumewe kwa ajili ya mtu kama mimi.

Pweza_wa_Nazi: Pweza wawili basi.

Mtu_wa_Konde: Samahani, kwani Windows 10 si wameiachia mkono tangu tarehe 14 Oktoba 2025? Yangu ni ya 2013, itakubali 11?

FundiKimya: Ya 2013 kwa kawaida haina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na 11, haitakubali kwa njia ya kawaida. Fungua uzi wako. Katibu, mwenye akaunti akirudi kutoka dago mwache yeye mwenyewe aingie kwenye akaunti mbele ya akina mama wawili watatu wa ushirika, hapo hata Jicho atanyamaza. Leo kaichukue laptopu kwa huyo fundi wa mtaani asiiguse tena.

KatibuWete: Na nusu ya pesa yangu atarudisha?