Matt Doherty: beki au winga?

Wadau, huyu Doherty wa Ireland mnamuonaje? Akipanda ni hatari, anaingia boksi kimya kimya posti ya mbali wakati mabeki wote wanaangalia mpira, lakini akipoteza mpira huku juu nyuma yake panabaki uwanja mzima.

Jibu 1: Mfumo bana. Pale Wolves chini ya kocha Nuno walicheza mabeki watatu kati, yeye anapanda anajua kuna mtu wa kumfidia, na timu ikamaliza ya 7 Ligi Kuu England misimu miwili mfululizo, 2019 na 2020. Alivyoenda Tottenham kwa Mourinho akawekwa beki mbili kwenye mabeki wanne akapotea kabisa. Kocha Conte alivyokuja hapo Tottenham akarudisha mabeki watatu, mapema 2022 akawaka mpaka goti likamtoa mwezi wa 4.

Jibu 2: Nakubali ila tusimtetee kila kitu. Krosi ya upande wa pili ikija anamsahau winga mgongoni, hageuzi shingo, na hilo ni umakini tu sio mfumo. Seamus Coleman, beki mwenzake wa kulia wa Ireland, hapo alikuwa bora zaidi.

Jibu 3: Mimi nampanga wingbeki (beki wa pembeni anayepanda na kushuka, nyuma yake kuna mabeki watatu), kwenye mabeki wanne simuweki kamwe.