Wauza tairi wa Lubumbashi, mnatufungia tairi za trela mbele ya basi lenye wagonjwa!

Ndugu zangu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko,

Nina hasira na sitaki kuificha. Hapa kwetu ukiingia dukani kutafuta tairi za gari kubwa unaulizwa neno moja tu: saizi? Ukishaitaja, kijana anapanda juu, anasukuma tairi chini, unatajiwa bei, biashara imekwisha. Hakuna anayeuliza gari ni la kazi gani, lina uzito gani, tairi inakwenda mbele au nyuma, wala gari linakimbia mwendo gani. Ukijaribu kueleza mwenyewe unaonekana msumbufu. Ukiwa mwanamke ndiyo kabisa, wanaanza kuongea na dereva wako kama vile wewe umesindikiza tu.

Gari lenyewe ni basi la safari lililotoka Ubelgiji, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likapita Zambia mpaka Kasumbalesa. Viti vyote tuling'oa tukaligeuza kliniki. Ndani kuna kiti cha daktari wa meno, vitanda viwili vya kupimia akina mama, makabati ya chuma, friji ya chanjo, jenereta na tangi la maji la lita 600. Linakwenda Kasenga, Kambove, Likasi na vijiji vya njiani. Mimi ndiye msimamizi wake, na kila linapotoka najua ni nani na nani wamo ndani.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji hawataki kulisikia. Basi la abiria likifika stendi watu hamsini wanashuka, na kilo zaidi ya elfu tatu zinashuka nao. Letu halishushi kitu. Kiti cha meno kinalala humohumo, jenereta humohumo, maji humohumo, na lita moja ya maji ni kilo moja. Tairi zinabeba mzigo usiku na mchana, hata gari likikaa wiki nzima uani bila kuwashwa. Kwa hiyo gari la namna hii si basi la abiria tena, na si lori pia. Linataka tairi iliyochaguliwa kwa uzito wake.

Na uzito wetu tunaujua. Tulilipeleka kwenye mzani wa kampuni moja ya malori, njia ya Kasumbalesa, tangi likiwa limejaa na watu wote wamepanda, tukapima kila ekseli peke yake. Mbele kilo 6,580. Nyuma kilo 10,900. Karatasi ya mzani nilikwenda nayo dukani nikaiweka mezani. Papa mwenye duka hakuigusa.

Tulilipia tairi sita za saizi 295/80 R 22.5. Fakture, yaani ankara, ipo, imeandikwa hivyo, ina mhuri. Tairi zilifungwa kwenye ua wao nyuma ya duka, geti limefungwa, dereva wetu akaambiwa asubiri nje kwa sababu ndani kuna kazi nyingi. Gari likatoka linang'aa.

Dereva wetu ni mzee, sisi sote tunamwita papa, na ana tabia ya kuosha magurudumu kwa mkono wake kabla ya safari ndefu. Ndiye aliyeniita. Mbele, kwenye usukani, hawakufunga 295. Walifunga 11R22.5. Saizi hiyo inaingia kwenye rimu yetu bila shida na urefu wake unakaribiana na ule wa 295, kwa hiyo mtu asiyesoma hagundui. Lakini ubavuni imeandikwa 144/142. Kwa wasiojua, namba hizo ndizo mzigo. 144 ni kilo 2,800 tairi ikiwa peke yake upande mmoja, na 142 ni kilo 2,650 kila moja zikiwa pacha, yaani mbili zimefungwa pamoja upande mmoja. Mbele zipo mbili. Mara mbili 2,800 ni 5,600. Basi letu linaweka 6,580 hapo. Yaani karibu tani nzima ambayo tairi zile hazikutengenezwa kuibeba, na zimefungwa mahali ambapo moja ikipasuka usukani unamponyoka dereva. Tuliyoagiza, 295/80 yenye 152/148, inabeba 3,550 kila moja mbele, jumla 7,100. Ndiyo maana tuliiagiza!

Halafu ubavuni hapohapo kuna herufi tatu: FRT. Herufi hizo ziko kwenye kanuni za kimataifa za tairi za magari ya biashara. Maana yake ni tairi ya ekseli inayovutwa tu, isiyo ya usukani na isiyosukumwa na injini. Tairi ya trela. Wametufungia tairi za trela kwenye usukani wa gari linalobeba wagonjwa.

Nyuma nako, pacha za nje zina tarehe nzuri. Za ndani papa alilazimika kulala chini na tochi azisome. Tarehe ni zile tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Aliposoma alinitajia 2315. Wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mara nyingi tarehe kamili huwa upande mmoja tu wa tairi, na ukiigeuza ielekee ndani, pale katikati ya pacha, nani ataiona?

Nilirudi dukani siku ileile na gari lenyewe. Nikadai za ndani zitolewe mbele yangu. Zilipotolewa nilipitisha kiganja ubavuni, kikatoka cheusi tii, mafuta ya kung'arishia. Nikachukua kitambaa nikafuta vizuri, ndipo mipasuko ikaonekana, midogomidogo, inazunguka karibu na rimu, mmoja wapo ukucha wangu uliingia. Meno yote yapo, marefu, hayajatumika hata kidogo. Hapo ndipo watu wanapodanganywa: mpira unazeeka kwa jua, joto na hewa hata tairi ikiwa imetundikwa ghalani. Ndani ya mpira wamechanganya nta ya kuukinga, na nta hiyo inatoka juu tairi inapozunguka na kukunjika. Isipozunguka inakauka na kupasuka. Ndiyo sababu magari ya kukaa sana kama letu tairi zake hufa kwa umri kabla ya meno kuisha, na Michelin, watengenezaji wa tairi, wanashauri tairi ikaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na ikifika miaka kumi tangu kutengenezwa iondolewe hata kama inaonekana nzima.

Nilimwonyesha mwenye duka yote haya, moja moja. Akanijibu mbele ya wateja: "Mama, tairi ni tairi. Ingekuwa mbaya isingejaa upepo."

Ndugu zangu, watu wamekufa kwa fikra za namna hiyo. Tarehe 10 Septemba 2012, kule Uingereza, basi lililokuwa linarudisha vijana kutoka tamasha la muziki liliacha barabara karibu na Hindhead, Surrey, baada ya tairi ya mbele kupasuka. Watu watatu walifariki, mmoja wao kijana wa miaka 18. Tairi ile ilikuwa na umri wa miaka 19. Wakati ule sheria yao haikuweka kikomo cha umri. Mama wa kijana yule akapigana miaka na miaka, na tangu tarehe 1 Februari 2021 ni marufuku kule kufunga tairi ya miaka kumi au zaidi kwenye magurudumu ya mbele ya basi au lori. Mama mmoja aliyefiwa ndiye aliyewasomesha wote tarehe ya tairi. Sisi hapa tunasubiri nani afiwe?

Najua shida moja ya mji wetu. Huu ni mji wa madini, na maduka yamejazwa tairi za malori ya mgodi. 12.00R20 za tyubu, au 315/80 zenye meno makubwa ya mabonge kwa ajili ya mawe na tope. Ni nzuri sana kwa kazi yake. Lakini ukizikimbiza kwenye lami ya Likasi mwezi wa kumi, jua kali, meno marefu namna ile yanajikunja na kuchemka, na joto ndilo adui wa kwanza wa tairi. Tazameni pia ile herufi baada ya namba za mzigo, ndiyo mwendo wa juu wa tairi: J ni kilomita 100 kwa saa, K 110, L 120, M 130. Tairi nyingi za mgodi ziko chini hata ya hapo.

Na kuna yule fundi aliyenishauri niache ubishi nifunge 315 nyuma "kwa sababu ni ngumu zaidi". Kwa hesabu ya saizi, 315/80 ni ndefu kuliko 295/80 kwa milimita 32 hivi. Ukiziweka pacha moja, ile ndefu inabeba mzigo wa mwenzake na ile fupi inaburutwa. Ukiweka 315 zote nne, rimu zetu ni za inchi 8.25 na 315 inataka 9.00, na tairi pacha zitagusana mbavu zikikandamizwa na mzigo, zisuguane mpaka ziungue. Nilimuuliza fundi rimu zetu zina upana gani. Hakujua, na alikuwa ameshika spana tayari kuzifungua.

Upepo sitauzungumzia sana, kila mtu ana kwado wake, yule fundi wa kuziba na kujaza tairi. Ila jamani, kugonga tairi kwa nyundo na kusema "iko sawa" si kupima. Pacha ya ndani inaweza kukaa na nusu ya upepo na nyundo ikalia vilevile. Upepo unatazamwa kwenye jedwali la mtengenezaji kwa uzito wa kila ekseli, unapimwa asubuhi tairi zikiwa baridi, na tairi iliyokimbia na upungufu wa asilimia 20 inahesabiwa kuwa ilikimbia bila upepo. Inatolewa ikaguliwe ndani kabla ya kujazwa tena, kwa sababu nyaya za chuma za ubavuni zikishachoka zinaweza kufumuka mbele ya uso wa anayejaza.

Halafu barabarani. Rulaje, polisi wa barabarani, wakitusimamisha wanataka vinyeti (stika ya kodi ya gari), asiransi (bima), kontrole tekniki (cheti cha ukaguzi wa gari), leseni. Karatasi zote tunazo. Sijawahi kuona hata mmoja wao akichutama kutazama tairi.

NAONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyeandika kwamba kosa ni barabara, si tairi: barabara mbovu ndiyo sababu ya kutaka tairi inayotosha mzigo. Shimo linaongeza uzito wa ghafla juu ya ule uliopo. Tairi iliyokwisha kuzidiwa na tani nzima gari likiwa limesimama, shimoni itafanya nini?

Aliyesema ninunue tairi za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, zenye jina kubwa la Ulaya kuliko mpya za China: kaka, mimi sina ugomvi na China. Tairi mpya ya China yenye namba ya mzigo inayotosha na tarehe ya karibuni naichukua leo. Yenye jina kubwa, ya 2014, iliyopakwa mafuta, siichukui hata ya bure.

Dada aliyeuliza kuhusu tairi zilizovalishwa meno upya: nyuma zinafaa kama kiwanda kilichozifanya kinaaminika na mwili wa tairi haujazeeka. Mbele ya basi hapana. Hata Marekani, ambako malori mengi yanatembea na tairi hizo, sheria inakataza kuziweka kwenye magurudumu ya mbele ya basi.

Na ninyi mnaosema nitaje jina la duka: sitataja hapa. Mwenye duka anajijua, na najua anasoma. Papa, fakture yako ninayo, picha za mbavu zote sita ninazo, karatasi ya mzani ninayo. Nataka tairi nilizolipia au fedha zangu zote. Ile ya kunirudishia nusu na kunibakizia zile za ndani "kwa sababu zimeshafungwa" siikubali.

Kwa sasa basi liko juu ya magogo, na akina mama wa njia ya Kasenga wametumiwa ujumbe kwamba hatuji. Wapo waliokuwa wanangoja vipimo, na wapo watoto wa chanjo. Hilo ndilo linalonichoma kuliko fedha.

Kwa hiyo naomba kwa yeyote mwenye duka Lubumbashi, Likasi au Kolwezi: natafuta 295/80 R 22.5 sita, 152/148 au zaidi, herufi L au M, za nafasi zote, zisizo na FRT, zote za kiwanda kimoja na muundo mmoja wa meno, tarehe isiyozidi mwaka mmoja. Nitumie picha ya ubavu wa kila tairi inayoonyesha namba ya mzigo na tarehe. Kufunga tutafunga mbele ya macho yetu, tarehe zikielekea nje mbele na nyuma kadiri rimu inavyoruhusu, na pacha za ndani nitazisoma mwenyewe kabla hazijaingia. Asiye na picha asinitumie bei.